Magazeti ya Kufungia Sukari

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, shemeji yangu alipoingia dukani kwangu Bungu akiwa na gazeti moja na barua moja. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kutia ufunguo saa ya ukutani, kazi niliyoifanya kila Jumanne baada ya wateja wa asubuhi kupungua. Shemeji huyu alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, na alikuwa ustadh. Alisomesha watoto Kurani katika chuo chake, yaani madrasa, kwenye kijiji kimoja cha Mbwera, huko delta ya Rufiji, nilikozaliwa na mimi. Ili awepo Bungu saa ile, ilimbidi alale Nyamisati baada ya kushuka kwenye boti, kisha adandie lori alfajiri. Hakuwa mtu wa kusafiri bila sababu.

"Shemeji, si wewe ndiye msomi wa magazeti?" alisema hata kabla ya kukaa. "Haya, nisomee na hili. Nimeandikwa."

"Umeandikwa wewe?"

"Mimi na chuo changu. Jina halimo, lakini kijiji kimo, na chuo kule kiko kimoja. Hata mbuzi wa kijijini wanajua anayesemwa ni nani."

Nilisoma. Gazeti lilikuwa la wiki tatu nyuma, maana magazeti hufika delta yakiwa yamechoka. Habari yenyewe ilikuwa ukurasa wa ndani, fupi, chini ya tangazo la mabati. Ilisema kwamba shule ya msingi ya kijiji kile ilikuwa imebaki tupu, kwa sababu wazazi walikuwa wamewatoa watoto na kuwapeleka madrasa kwa msimamo wa dini. Chanzo kilikuwa mwalimu mmoja ambaye hakutajwa jina. Mwisho mwandishi aliongeza la kwake, kwamba watu wa pwani hawajapata kuipenda elimu.

Barua ilikuwa na mhuri wa serikali. Ilimtaka ustadh afike mbele ya kamati itakayokaa pale shuleni Alhamisi ya wiki iliyofuata. Ikithibitika kwamba madrasa yake inazuia watoto kwenda shule, itafungwa. Tulikuwa na siku tisa.

"Wakiifunga?" nilimuuliza.

"Wakiifunga nikavue kamba, kwa mgongo huu?" Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Miaka ishirini na sita, shemeji. Hata wewe herufi nimekufundisha mimi, na ulikuwa mzito."

Lazima nieleze habari ya magazeti, kwa sababu yeye hakuja kwangu kwa udugu tu. Mimi niliishia darasa la saba. Duka langu liliuza sukari, chumvi, majani ya chai na unga kwa vipimo vidogo, robo na nusu robo, na vipimo hivyo tulivifunga kwa gazeti lililokunjwa kama pia. Zamani, karatasi ya kufungia ilikuwa adimu kama sukari yenyewe. Kisha likaja soko huria, sukari ikawa ya kila aina na magazeti yakawa ya kila aina, ya watu binafsi, ya kila siku na ya kila wiki. Yaliyopitwa na wakati niliyanunua kwa kilo, yakiletwa na madereva wa malori kutoka Dar es Salaam.

Sikuchana gazeti kabla ya kulisoma. Huo ndio ukawa utaratibu wangu na ndio ukawa shule yangu. Baada ya muda nilianza kuona jinsi sisi Waislamu, hasa wa huku kwetu, tulivyoandikwa. Palipokuwa na neno la dharau au la kututia shaka, nilikata kwa wembe, nikaandika nyuma tarehe na ukurasa, nikatia kwenye boksi la sabuni. Kwa miaka sita boksi lilijaa likafuatiwa na la pili. Niliamini kwamba ninafanya utafiti.

Nilimwonyesha shemeji maboksi yangu. Alichovya mkono, akatoa vipande viwili vitatu, akavirudisha.

"Yote haya ni matusi?"

"Si matusi. Ni namna ya kusema."

"Basi chukua yote twende nayo. Kamati ikiona tumetukanwa kiasi hiki, itaona haya."

Nilifunga duka Jumatano, tukafika Mbwera Alhamisi mchana kwa boti. Kijiji kilikuwa kimechangamka. Mavuno ya mpunga yalikuwa yamekwisha na watu walikuwa wamerudi wiki moja kabla kutoka mashambani. Hapa niseme jambo ambalo kwetu hakuna anayelisema kwa sababu kila mtu analijua. Mpunga ukianza kutia maziwa, familia nzima huhamia shambani, ng'ambo ya mito, na kukaa kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti katikati ya mpunga. Watoto ndio walinzi. Kutwa nzima wanapiga madebe na kutupa udongo kwa kombeo ili ndege wasile. Kazi hiyo tunaiita kuamia. Ukiacha kuamia siku mbili, unavuna mabua.

Asubuhi ya Ijumaa tulikwenda kwa mwalimu mkuu. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mwenye sauti ya chini, mwalimu wa hesabu. Alikuwa amehamia pale mwaka uliotangulia. Alitutolea viti nje ya darasa.

"Mwalimu, umeniuza," shemeji alisema.

"Nimekuuza kwa bei gani, Ustadh? Mimi hata chai sikununuliwa."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi," alisema mwalimu, bila kuficha. "Nilikwenda Kibiti kufuata mshahara. Mgahawani nikakaa meza moja na kijana wa gazeti. Akaniuliza hali ya shule. Nikamwambia shule imebaki tupu. Akaniuliza watoto wako wapi. Nikamwambia nilichokiona: nimewaona asubuhi wanapita hapa na kofia zao na mabunda, wengine wameshika juzuu, wanaelekea upande wa madrasa, na shuleni hawaingii."

Shemeji alinitazama. Nilielewa saa ileile. Njia ya kwenda kwenye madrasa ndiyo njia ya kwenda mtoni, kwenye mitumbwi. Watoto aliowaona walikuwa wanahama. Katika mabunda mlikuwa na sufuria na mikeka, na juzuu wamepewa na mama zao ili wasisahau walichosoma.

Nilimweleza.

"Kwetu mtoto anayelinda shamba anarudi nyumbani jioni," alisema mwalimu. "Na mwaka jana nilipofika, mavuno yalikuwa yameshapita. Nilijua wanakwenda shamba. Sikujua kwamba wanahama." Kisha akasema, "Lakini madrasa sikuisema mimi kama sababu. Nilisema upande."

"Gazeti limefuta upande," alisema shemeji.

Nilifungua maboksi yangu. Nilimwambia mwalimu kwamba hili si la kwanza, na kwamba nina ushahidi wa miaka sita jinsi magazeti yanavyotuandika. Alivisoma vipande kwa zamu, bila haraka, akivipanga juu ya benchi. Alisoma karibu saa nzima. Shemeji alisinzia.

"Haya ni mabaya," alisema mwisho. "Mengine hata mimi yananiudhi. Na yale mengine yalisemaje?"

"Yapi?"

"Uliyoyaacha. Kwenye kurasa ambazo hukukata. Hayo umeyaweka wapi?"

Yale mengine nilikuwa nimeyafungia sukari. Kwa miaka sita, kila ukurasa uliotuandika vizuri, au ulioandika habari zetu bila kututaja dini, au uliowaandika wengine vibaya kama sisi, ulikwenda nyumbani kwa mtu na robo ya chumvi ndani yake. Nilikuwa nimehifadhi maumivu na kuuza kipimo cha kuyapimia. Sasa ningewezaje kusema ni mengi au machache, ni desturi au ni bahati mbaya? Mtu angeweza kuniambia nimeokota mawe kwenye mchele kisha nikadai gunia zima ni mawe, na nisingekuwa na gunia la kumwonyesha.

"Usione haya," alisema mwalimu. "Na mimi niliona njia moja nikahesabu mwisho mmoja."

Tangu siku ile nilimheshimu mtu yule, na mpaka leo namheshimu.

Maboksi tuliyaweka kando. Mwalimu alitoa madaftari ya mahudhurio, la mwaka ule na ya miaka minne iliyotangulia, yaliyoandikwa na walimu waliomtangulia. Tuliyapitia wiki kwa wiki, yeye akisoma na mimi nikiandika. Kila mwaka shule ilijaa, ikapungua, ikabaki na watoto wa wafanyakazi na wa wenye maduka, kisha ikajaa tena. Kila mwaka ilikuwa majira yaleyale ya mpunga. Hili lilikuwa muhimu, kwa sababu kamati ingewakuta watoto wamesharudi darasani na ingeweza kusema kwamba gazeti ndilo lililowarudisha.

Nilifurahi. Mwalimu hakufurahi.

"Hii inaonyesha kwamba shuleni hawakuwepo," alisema. "Haionyeshi walikokuwa. Anayetaka kusema walikuwa madrasa bado anaweza kusema."

"Waulizwe wazazi!"

"Kamati itasema wazazi ndio washtakiwa."

Kilichohitajika kilikuwa daftari la madrasa. Shemeji alisema hana, na mimi nilijua hana. Yeye aliwajua wanafunzi wake kwa sauti. Mtoto akikosekana, alisikia pengo. Jioni ile, wakati tunakula, dada yangu ndiye aliyesema.

"Kijitabu cha Alhamisi je?"

"Kile ni cha mafuta ya taa," shemeji alijibu upesi.

Desturi ya madrasa zetu ni kwamba kila Alhamisi mtoto anapeleka kitu kidogo kwa mwalimu wake. Wakati ule kwa shemeji ilikuwa shilingi ishirini kila mtoto. Zilinunua mafuta ya taa na mikeka, na zilizobaki zilikuwa zake. Kwa kuwa wazee wa msikiti waliwahi kumwuliza habari ya mafuta, aliandika kila Alhamisi alichopokea. Kijitabu hicho kilikuwa na kila Alhamisi ya miaka mingi.

"Kilete," nilimwambia.

"Sikileti."

"Ustadh, ndicho kitakachokuokoa."

"Kitaniokoa kwa kunivua nguo." Aliweka tonge chini. "Wazee wa msikiti nimewaambia miaka yote kwamba chuo changu hakifungwi. Mvua, jua, chuo kiko wazi. Na kweli kiko wazi. Naingia, nakaa juu ya mkeka, nasoma peke yangu mpaka adhuhuri. Sasa nisimame mbele ya serikali niseme kuna wiki sina hata mtoto mmoja? Kwamba ndege wananishinda mimi, pamoja na maneno ya Mungu?"

Dada yangu alisema, "Ndege wanamshinda na Mwalimu Mkuu, pamoja na serikali yake. Wewe nani?"

Shemeji hakucheka, lakini aliinuka akaingia ndani. Alirudi na kijitabu kilichofungwa kwa uzi, akanitupia mapajani.

Kiliandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika. Kwangu haikuwa tabu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha. Tulimpelekea mwalimu mkuu jioni ileile, akakigeuzageuza mikononi, akasema, "Hapa pana kazi nyingine. Kamati itaona herufi hizi, na kuna mtu atasema hajui kilichoandikwa. Na nikiwa mkweli, hata mimi sijui." Usiku alifikiri, na asubuhi akaja na shauri lake, ambalo nitalieleza mahali pake.

Kabla ya hapo niseme yaliyotokea kwenye utafiti wangu, ili nisije nikayachanganya. Niliporudi Bungu baada ya kamati, nilianza upya. Nilinunua mafungu mawili ya magazeti, na safari hii nilihesabu kila ukurasa kabla ya kuuchana: habari inayohusu nini, mahali gani, dini imetajwa au haikutajwa, na nani amepewa nafasi ya kusema. Ilinichukua karibu miaka miwili. Sikuona nilichokitarajia. Habari zenye dharau ya wazi zilikuwa chache kuliko nilivyoamini, na nilikiri hivyo kwenye daftari langu kwa maandishi makubwa. Lakini niliona kitu ambacho maboksi ya sabuni yasingenionyesha kamwe. Mto ulipofurika, watu wa Rufiji walikuwa wakulima tu. Bei ya korosho ilipoanguka, walikuwa wakulima tu. Shule ilipokosa watoto, ndipo walipokuwa Waislamu. Gazeti lilelile liliwahi kuandika utoro wa mkoa mmoja wa bara, watoto wamekwenda kuchunga, na sababu iliyotolewa ilikuwa ng'ombe. Hakuna aliyeuliza wachunga ng'ombe wale walisali wapi. Na katika habari zote za delta nilizopata, sikumkuta hata mmoja wa watu wa delta akisema kwa kinywa chake. Kina kaka wa magazeti hawakutuchukia, nadhani. Nauli ya boti ilikuwa ghali, na dhana iliyokuwa tayari haikuhitaji nauli.

Sasa nirudi kwenye kamati. Ilikaa saa nne asubuhi, chini ya paa la darasa la sita. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye miwani, na wajumbe walikuwa wanne pamoja na katibu. Mwalimu mkuu alisimama wa kwanza, akasema alichokiona, alichomwambia mwandishi, na jinsi alivyokosea njia. Akaonyesha madaftari ya miaka mitano. Mwenyekiti aliuliza lile ambalo mwalimu alikuwa ameniambia angeuliza.

"Sawa, shuleni hawakuwepo. Madrasa walikuwepo?"

Shemeji alitoa kijitabu. Mjumbe mmoja alikipokea, akakifungua kwa upande wa kushoto, akakuta mwisho.

"Mwenyekiti, hiki ni Kiarabu. Tutajuaje kilichoandikwa? Anaweza akatusomea lolote."

"Ni Kiswahili, mwanangu," alisema shemeji. "Umekianzia mwisho."

Watu waliokusanyika madirishani walicheka. Mwenyekiti hakucheka, lakini hakuwakataza.

Ndipo mwalimu mkuu alipotoa shauri lake. Alisema kuna watu wawili pale wanaousoma vizuri mwandiko ule, mimi na ustadh. Mmoja atoke nje, mbali. Mwenyekiti mwenyewe achague ukurasa wowote na mstari wowote, aliyebaki asome, katibu aandike. Kisha abadilishwe na yule wa nje, asome mistari ileile. Maneno yakitofautiana, kijitabu kitupwe.

Nilitoka mimi. Nilisimama karibu na mitumbwi, mahali ambapo sauti ya darasani haikufika, nikitazama maji yakipwa. Sikuwa na wasiwasi na herufi. Wasiwasi wangu ulikuwa kwamba shemeji, kwa aibu, angesoma kitu kingine badala ya kilichopo.

Niliitwa. Mwenyekiti aliweka kidole kwenye mstari, akakihamisha, akakihamisha tena, mistari saba, miwili kati yake ya miaka ya nyuma. Nilisoma. Alhamisi, watoto kumi na wawili, shilingi mia mbili na arobaini. Alhamisi, watoto sita, mia na ishirini. Alhamisi, watatu, sitini. Alhamisi, wawili, arobaini. Alhamisi, hakuna, ndege. Na ile miwili ya zamani: hakuna, ndege, hakuna, ndege.

Katibu alifuatisha kwa kalamu kwenye karatasi yake, akamtazama mwenyekiti, akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa sawasawa, neno kwa neno. Shemeji alikuwa amesoma kama kilivyo.

"Ustadh," alisema mwenyekiti, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine, "kwa kawaida una watoto wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Na hizo wiki za 'hakuna' mwaka huu zilikuwa ngapi?"

"Sita. Na nne za kupungua. Alhamisi kumi."

"Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Shemeji aliangalia dirishani, walikosimama wazee wa msikiti. "Nilikuwa nakaa," alisema. "Chuo kilikuwa wazi."

Mzee mmoja dirishani alisema kwa sauti, "Tulijua, Ustadh. Wajukuu wetu si tulikuwa nao madunguni?" Watu walicheka tena, na safari hii shemeji alicheka pamoja nao, akajifuta uso kwa kofia.

Kamati haikuchukua muda. Iliamua kwamba madrasa iendelee, na kwamba shule na madrasa zikae pamoja kupanga likizo ifuate mpunga, jambo ambalo lilijaribiwa mwaka mmoja likaachwa, kwa sababu ruhusa yake ilitakiwa itoke mbali. Gazeti nililiandikia barua mara mbili. Sikujibiwa, wala habari haikusahihishwa.

Katibu, alipokuwa anafunga muhtasari, alisema anahitaji kuandika kitu kimoja kinachoonekana, kwa sababu wakubwa wake hawatasoma madaftari matano. Mwalimu mkuu akaandika ubaoni kwa chaki: arobaini na mmoja mara shilingi ishirini, mara Alhamisi kumi, elfu nane na mia mbili, toa mia nne na sitini zilizopokelewa. Shemeji alisoma jibu yeye mwenyewe, polepole, kama asomeavyo watoto, na katibu akaliandika kwenye muhtasari kuwa ndiyo hasara ya madrasa kwa msimu ule wa ndege: shilingi elfu saba mia saba na arobaini.